Ulikuwa Utani Tu

26 Februari

Leo gazeti limetoka na Nabii Jovin kachunwa ngozi akiwa hai. Aliyemchuna ni Tarsis, mimi nilikuwa meza ya jirani nikimpa chumvi. Ukurasa wa kwanza, picha kubwa, herufi nyekundu: NABII JOVIN, MAJI YA BOMBA KWA BEI YA DIVAI. Ndani yumo mtoto wa kifafa aliyekatazwa vidonge, wamo waumini waliolala sakafuni kule Ilala wakingoja upako, na yamo mapipa ya maji nyuma ya kanisa lake. Kabla ya adhuhuri nakala zilikwisha Kariakoo yote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Ofisi ya *Bakora* iko ghorofa ya pili hapa Mchafukoge na ina watu watatu na feni moja inayofanya kazi ikipenda. Mhariri ni Goodluck, Mlutheri, mtu mwema anayeogopa kivuli chake. Tarsis ni Mkatoliki, anaandika ya makanisani. Mimi Maimuna, mtoto wa Magomeni, naandika ya misikitini. Goodluck ndiye aliyeweka utaratibu huo: kila mtu afagie kwake. Anasema hivyo hakuna wa kununa.

Tarsis ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo tu watani tangu enzi za mababu na hatujawahi kusalimiana kama binadamu. Leo kaingia akasema, "We mwanamke wa pwani, hujaachika tu mpaka leo?" Nikamjibu, "Shusha mzigo kwanza, mpagazi, Mwarabu wako anakuulizia." Hizo ndizo habari za asubuhi zetu. Siku akinisalimia kwa adabu nitajua kuna mtu kafa.

28 Februari

Joto. Hata nzi wamechoka.

2 Machi

Mwezi umeandama, leo chungu cha kwanza cha Ramadhani. Dada Zamda kapiga simu kutoka Magomeni kabla sijanawa uso. Yeye ndiye mkubwa wangu, ndiye aliyebaki na nyumba ya marehemu mama, na ana sukari. Anajichoma sindano asubuhi na jioni.

"Mai, eti yule Tabibu Abdulhamid wa tiba za Sunna, wa pale karibu na soko la Kariakoo, ni mtu wa kweli? Majirani wananiambia anaondoa sukari moja kwa moja."

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Dada, huyo ninaye kwenye kazi. Subiri Jumatano ya wiki ijayo, sio hii, utamsoma kwenye gazeti."

"Haya, mwandishi wangu. Nangoja kauli yako."

Nikamuuliza kama anafunga. Akasema anafunga, kwani yeye kafiri? Daktari alimkataza mwaka jana, na mwaka jana alifunga vilevile. Nikaacha.

5 Machi

Tarsis kaja na jivu kwenye paji la uso. Nikamuuliza kama kaangukia jikoni. Akasema afadhali jivu la usoni kuliko harufu ya mdomo wa mtu aliyefunga.

Mchana akaja mwanamke anaitwa Stella, mama wa yule mtoto wa kifafa. Kamtoa mwanawe kwa Nabii, kamrudisha hospitali, mtoto anameza vidonge na hajaanguka tangu siku ile. Kamletea Tarsis jogoo. Jogoo kafungwa kwenye mguu wa meza na anawika kila Goodluck akifungua mdomo kuongea. Nilicheka na wenzangu, lakini niseme kweli, niliona wivu. Mimi misikitini nimeandika miaka yote hii na sijaletewa hata yai.

7 Machi

Leo nimekwenda kwa Tabibu Abdulhamid. Nilivaa baibui la zamani, nikajifanya mgonjwa wa miguu.

Mtu mwenyewe ni mzuri, hilo ndilo baya lake. Ananukia udi, sauti laini, anamwita kila mwanamke "mama yangu". Rafu zimejaa asali, habasoda na mafuta ya zeituni. Anaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, analiosha kwa maji, unakunywa. Kwa kombe sina ugomvi naye, hata mama alitunywesha tukiwa wadogo, kisha akatupeleka hospitali. Lakini mbele yangu alikuwapo bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Tabibu kamwomba mkoba, katoa kiboksi cha sindano zake za sukari, katupa kwenye pipa chini ya meza. Katupa kwa upole, kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Mama yangu, ukishika kombe na sindano pamoja, umemwamini nani?"

Nilijifanya nimeangusha shilingi nikainama. Pipa limejaa. Sindano, vidonge, chupa ndogo za dawa zenye majina ya watu. Bibi kaondoka anamwombea dua.

Nimerudi nimeandika yote kwa mkupuo mmoja: jina, duka, pipa, bibi. Sijawahi kuandika vizuri namna hii. Tarsis kasoma akiwa amesimama, kisha akasema, "Mzaramo, kumbe mkiacha ngoma mnaweza kazi." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

10 Machi

Leo tumegombana mpaka jogoo akanyamaza.

Goodluck alikuwa amekwishapanga ukurasa. Kaniita niuone. Juu kaandika: TIBA ZA KIISLAMU ZAANGAMIZA WAGONJWA.

Nikamuuliza, "Hiki nini?"

"Kichwa cha habari."

"Goodluck, wiki ile uliandika UKRISTO WAUZA MAJI YA BOMBA?"

"Hapana, lakini..."

"Uliandika Nabii Jovin. Mkristo akiiba, mwizi ni Jovin. Mwislamu akiiba, mwizi ni dini nzima, na mama yangu kaburini, na mimi na kanga yangu! Abdulhamid kanituma lini? Nani alimpigia kura?"

Nilikuwa na haki, na ninaandika hapa kwamba nilikuwa na haki. Nimekua nikitazamwa mkoba kwa sababu ya baibui. Nimekaa kwenye mikutano ya wahariri ambako watu waungwana, wenye digrii zao, wanasema "hawa wenzetu" mimi nikiwa nimeketi palepale nakunywa maji yao. Kwa hiyo nilipiga kelele, na kelele zangu zilikuwa za kweli.

Ubaya ni kwamba Goodluck aliogopa. Akaanza kutokwa jasho. "Basi, basi, Maimuna. Tusitaje kabisa. Tena ni Ramadhani. Tutaje tu kwa ujumla, baadhi ya watu, bila jina. Sitaki watu na mawe mlangoni."

Hapo nikakasirika mara ya pili. "Mawe? Jovin ana waumini kama siafu, hukuogopa mawe. Sisi ndio mbwa wa kung'ata?"

"Sasa unataka nini? Nikiandika kali unasema nawaonea, nikiandika laini unasema nawaogopa!"

Tarsis alikuwa anamchambulia jogoo mahindi. Akasema, "Anataka kitu kidogo tu. Andika jina la mtu, kama tulivyoandika la Jovin. Msiandike dini, na msikae kimya. Jina. Abdulhamid ana jina, alipewa na baba yake."

Ilikuwa kweli tupu, na ilitoka kwa Mkatoliki mwenye jogoo. Sikuweza kuimeza. Nikamwambia hajui anachosema, hajawahi kuitwa gaidi na konda.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, Maimuna."

"Nguruwe ni wenu. Sisi hatuna."

Tulicheka wote watatu, na katika kicheko hicho jambo likaisha. Nikaketi nikalisafisha andiko kwa mkono wangu mwenyewe. Jina nikalitoa. Pipa nikalitoa, maana duka lenye pipa lile ni moja tu. Bibi wa kidonda nikamtoa. Nikapanda "baadhi ya" kila mahali kama mchicha. Nilijiambia nimeshinda, kwa kuwa kile kichwa kibaya kimeondoka.

12 Machi

Gazeti limetoka. Nafasi ilibaki, Goodluck kaijaza kwa picha: rafu za asali na habasoda, pembeni sahani nyeupe. Kichwa kipya: TIBA ZA SUNNA, WATU WAZIDI KUMIMINIKA KARIAKOO. Ndani nasema baadhi ya watoa tiba wachache wanashauriwa kushirikiana na wataalamu wa afya.

Kilemba cha ukoka, nimemvisha mimi. Tarsis kalisoma, kalikunja, kamtandikia jogoo.

13 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara ya nyuma ya ofisi imekuwa uji.

16 Machi

Mvua. Jogoo kaliwa nyumbani kwa Tarsis. Candida, mkewe, kaniletea paja la kufuturia. Zuri mno.

20 Machi

Nimekwenda Magomeni kufuturu na Dada Zamda.

Alinifungulia mlango na sikumtambua mara moja. Mashavu yameingia ndani. Kanifurahia, kaniketisha, na ukutani, juu ya kochi la mama, kabandika ukurasa wangu. Kaubandika kwa gundi, nyumba ambayo hata picha ya harusi yake haikupata ukuta.

Alikunywa maji. Akanywa tena. Akanywa jagi zima kabla ya tende.

"Dada, sindano umechoma?"

"Sindano za nini tena? Nimeacha tangu gazeti lako lilipotoka. Nilikwenda asubuhi yake. Nikamwambia mimi ni dada yake Maimuna wa *Bakora*, akanikaribisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kalitia gazeti lako plastiki, kalitundika mlangoni."

Nikamwambia yule mtu ni mwongo, nimemwona kwa macho yangu akitupa dawa za watu.

Kanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiongopa utotoni. "Ulimwona lini?"

"Kabla ya kuandika."

"Mbona hukuandika?"

"Tulipunguza, Dada."

"Mlipunguza nini?"

"Jina. Na mengine."

Akacheka. "Mai, wewe umemwogopa nani maisha yako? Ulimkata mkwe wetu maneno mbele ya kadhi. Yule Nabii mmemwandika mpaka bei ya ndoo. Huyu angekuwa mbaya ungemsema. Hukumsema. Usije sasa kunitisha kwa sababu nimekonda, watu wote hukonda Ramadhani."

Nilipiga magoti. Nimeandika sawasawa, nilipiga magoti kwenye mkeka wa futari nikamshika miguu. Akaniinua, akasema basi, nisilie juu ya chakula, atarudi kwenye sindano baada ya Idi. Kaahidi. Akanifungia maandazi niondoke nayo.

21 Machi

Nimemwambia Goodluck tuchapishe andiko la kwanza, zima, na jina, Jumatano hii.

"Maimuna, tumebakiwa na kumi la mwisho la Ramadhani. Kumshambulia mtu wa dini kumi la mwisho? Baada ya Idi, nakuahidi."

Nikamtukana. Tarsis naye kamtukana. Goodluck kakubali matusi yote, na Idi haikusogea.

Nimempigia Dada. Kasema, baada ya Idi. Kila mtu ananiheshimia Idi.

23 Machi

Mvua mchana kutwa.

24 Machi

Mvua. Dada hakupokea simu asubuhi. Mchana kapokea, sauti nzito, kasema usingizi tu. Nimemtuma jirani yake akamwangalie, jirani kasema yuko vizuri, anaswali amekaa.

27 Machi

Alasiri jirani kapiga. Zamda haamki.

Nimeshuka ngazi bila viatu. Tarsis kanifuata na viatu vyangu mkononi. Jangwani pamefungwa, maji yamelala juu ya barabara na magodoro yanaelea humo, na ng'ambo naiona Magomeni, ninaiona kabisa. Watu wanapiga picha. Nilitaka kuingia majini, Tarsis akanikamata kiunoni nikamng'ata mkono. Hakuniachia. Tukazunguka mbali sana, na mvua, na hakusema neno lolote la utani njia nzima.

Tumemkuta hospitali. Daktari kijana kaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema, "Alikuwa anatumia."

28 Machi

Dada yangu Zamda amefariki asubuhi.

Chungu cha ishirini na saba, siku ya Ijumaa. Watu wananipongeza. Naandika neno lilivyo: wananipongeza. "Ijumaa ya kumi la mwisho! Mbora wa kufa ni nani kama yeye?" Shangazi mmoja kasema angetamani iwe yeye. Nilitamani pia iwe yeye.

Nimemwosha na wanawake wawili. Tumboni, pale alipokuwa akijichoma, alama zimefifia, hakuna hata moja mpya. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Safari hii mwosha ndiye aliyeandika gazeti.

Wanaume wamempeleka kuzika kwenye matope.

29 Machi

Leo watani wamekuja. Nilijua Tarsis atakuja, ni haki yake. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anaingia msibani kufanya vituko, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Ndivyo tulivyozikana siku zote, ili mtu asife na huzuni.

Turubai limefungwa mbele ya nyumba, wanaume mikekani, sisi wanawake ukumbini na barazani. Miongoni mwa waliokuja kutoa pole yumo Tabibu Abdulhamid mwenyewe, mstari wa mbele, kanzu nyeupe kama yai, ananukia udi.

Tarsis kaingia kajifunga kanga ya marehemu, kichwani taulo, mkononi sahani nyeupe ya kwetu jikoni. Hakugusa aya wala dua, nasema hili kwa sababu nilikuwa namsikiliza kwa masikio yote. Kakinga maji ya mvua yanayotiririka kwenye turubai, kachora hewani kwa kidole.

"Mimi ndiye Tabibu Abdulhamid wa Kariakoo! Mama zangu, leteni sindano, nina pipa! Halijajaa, bado kidogo!" Kageukia mlango wa chumba cha Dada. "Zamda! We Zamda, mgonjwa wangu! Sukari imekwisha? Hajibu! Jamani, kapona huyu. Kapona mpaka kaacha kupumua!"

Wanawake walianguka wakicheka. Mimi nilicheka kwanza kuliko wote, nikalia, nikacheka. Akaendelea: "Msiniulize mimi, soma gazeti! Maimuna kaniandika vizuri, kanitilia asali, kanipa kilemba!" Akanielekezea sahani. Watu wakageuka wakanitazama, wakacheka zaidi.

Kila kitu kilisemwa pale, mbele ya watu wote. Jina, pipa, mgonjwa, mwandishi. Kila kitu nilichokitoa kwa mkono wangu Tarsis kakirudisha mahali pake.

Na Tabibu je? Tabibu kacheka. Kacheka mpaka kajifuta machozi kwa leso, kainuka, kamtupia mtani noti kwenye sahani. "Watani bwana! Watani hawana kesi!" Watu wakampigia makofi kwa moyo wake mkubwa. Hakuna aliyemuuliza lolote. Wakarudi kuongea habari za mvua.

30 Machi

Maalim Hamis wa msikiti wetu kaja kunipa pole. Kanisogeza pembeni.

"Maimuna, sindano haikuharamishwa na mtu yeyote. Mgonjwa kapewa ruhusa ya kula, iko kwenye Kitabu, mtoto wa madrasa anaijua. Nimesikia ulimwandika yule mtu kisha mkafuta. Kwa nini hukuja kwangu? Ningekupa jina langu uliweke juu ya lake."

Tulibishana ofisini siku nzima Waislamu watasema nini, na ofisi nzima, pamoja na Mwislamu wake, haikwenda kumuuliza Mwislamu hata mmoja.

31 Machi

Idi. Mvua imesimama kwa heshima.

Mtu aliyekuwa msibani aliinua simu. Sasa kipande kinazunguka, kifupi. Turubai halionekani, wafiwa hawaonekani, kicheko changu kimekatwa. Anaonekana mwanamume kajifunga kanga, ana sahani, anasema kapona mpaka kaacha kupumua. Chini wameandika: MKRISTO ADHIHAKI KOMBE NA MAITI YA KIISLAMU MWEZI MTUKUFU.

Nimetumiwa na watu wengi, wengine wanaponitumia wananitakia Idi njema.

2 Aprili

Vijana walikwenda anakopanga Tarsis, Ilala. Hawakumkuta, wakavunja dirisha. Mwenye nyumba kamtolea Candida vyombo nje, kwenye mvua. Tarsis kaenda kituoni mwenyewe kueleza, na huko wamembakiza. Wanasema kwa usalama wake, halafu wanasema kuna kesi ya kudhihaki dini. Candida na watoto wawili wamelala kwangu.

Nabii Jovin kawaombea hadharani waandishi wote waliopotoka. Amependeza, suti mpya.

4 Aprili

Maalim Hamis kaenda kituoni, kawaambia alikuwapo, ulikuwa utani, hata yeye mwenyewe alicheka. Wamemshukuru. Wanataka familia ya marehemu iseme hivyo, tena hadharani, ili vijana watulie. Familia ni mimi.

Nimeruhusiwa kumwona Tarsis. Nikaanza kama kawaida, "Mpagazi, umepata pa kulala bure." Hakujibu utani. Ana jicho lililovimba na sikuuliza kalipata wapi.

"Watakuambia uandike ulikuwa utani," akasema.

"Ulikuwa utani."

"Ulikuwa ukweli. Niliusema kwa mlango wa utani kwa sababu milango mingine mliifunga. Ukiandika utani tu, umemfuta dada yako mara ya pili. Usiandike, Maimuna. Niache hapahapa."

"Nitaandika yote mawili."

"Jaribu."

5 Aprili

Nimejaribu. Goodluck kasoma, na kwa mara ya kwanza hakutokwa jasho. Alikuwa na akili timamu, jambo baya sana kwa mtu mwoga.

"Ukisema maneno yale ni ya kweli, basi si utani, ni tuhuma. Mkristo kamtuhumu mtu wa dini kwenye msiba wa Kiislamu. Wanamfunga. Ukisema ni utani, hakuna kesi, lakini utani hauna ukweli ndani yake. Chagua, Maimuna. Mimi siwezi kukuchagulia."

Nikamjibu amechagua tangu Machi. Akasema, "Tulichagua."

Nimerudi nyumbani. Watoto wa Tarsis wamelala kwenye mkeka wa mama, ule wa futari niliouchukua kwa Dada. Candida alikuwa anafua. Nikamweleza aliyoyasema mumewe. Kakamua nguo, hakuniangalia.

"Dada Maimuna, andika. Mimi na wanangu hatuli ukweli."

Nimeandika. Nimeweka hapa maneno yenyewe, nisije siku moja nikajisimulia kwamba niliandika mengine: *Mimi, mdogo wa marehemu, nathibitisha kuwa yaliyosemwa na mtani wetu yalikuwa utani wa mila, hayana ukweli wowote kuhusu Tabibu Abdulhamid, ambaye familia inamheshimu na kumshukuru kwa kufika msibani.* Safari hii jina limetajwa. Nililipata jina, mwisho wa yote.

9 Aprili

Limetoka ukurasa wa kwanza, na picha yangu.

10 Aprili

Wamemwachia. Kamchukua Candida na watoto kwangu nikiwa kazini. Wameacha mkeka umekunjwa vizuri na nyumba imefagiliwa.

14 Aprili

Nimepita Kariakoo. Mlangoni kwa Tabibu kurasa ziko mbili, zote zimetiwa plastiki, ule wa rafu za asali na ule wenye uso wangu. Foleni imefika kwenye mfereji. Mama mmoja mwenye mkoba akanitazama, akaitazama picha, akanishika mkono kwa furaha. "Si ndiye wewe? Mwenyezi Mungu akulipe."

Nilimwambia asiingie. Nilimwambia huyu Tabibu amemuua dada yangu. Akaitazama tena karatasi, akanitazama mimi, akanisikitikia. "Huzuni hiyo, mwanangu," akasema, na akaingia.

22 Aprili

Pasaka imepita. Tarsis karudi kazini leo.

Tangu alfajiri nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa na moja la kumuuliza kama jela wanabeba mizigo kichwani au begani, na jingine baya zaidi kuhusu pilau ya Wanyamwezi. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniite muuaji, aniite Mzaramo aliyeuza dada yake kwa kilemba, aseme mbele ya Goodluck, nami nisinune, maana mtani hanuniwi.

Kaingia na mwavuli unadondosha maji. Kauegemeza pembeni ili usiloweshe karatasi zangu. Jicho limepona. Kasimama mbele ya meza yangu, kainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa asiyemfahamu.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

Shikamoo haikataliwi. Nikafungua mdomo, na yale yote niliyoyaandaa hayakuwa na pa kutokea.

"Marahaba," nikasema.

Akaenda mezani kwake akaanza kazi.